Barabara ya samaki: kumfungua mtoto mdomo katika somo la Kirusi

Ukifika steji ya Kisumu ukasema unaenda Russia, hakuna atakayekuuliza pasipoti. Utasukumwa ndani ya matatu ya Kondele. Russia ni hospitali. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ikafunguliwa Oktoba 1969, na ijapokuwa leo kibao chake kina jina la Jaramogi Oginga Odinga, wenyeji wengi bado wanaiita kwa jina la waliosaidia kuijenga. Wako watu wazima hapa mjini wanaosema walizaliwa Russia na hawajawahi kuvaa koti zito maishani.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya darasa langu la Jumamosi, nilipouliza Warusi wanaishi wapi, mvulana mmoja wa gredi ya nne alijibu papo hapo: "Pale juu, karibu na Kondele." Wenzake wakacheka, naye akacheka, na kwa dakika tano nzima kila mtu alikuwa na la kusema: nani alilazwa huko, nani alidungwa sindano, mjomba wa nani ni bawabu getini. Baadaye nilikuja kuitamani sana kelele ile. Miezi mitatu ilipopita, darasa lilelile lilikuwa linazijua herufi zote 33 za Kirusi, linahesabu hadi mia, linajaza mapengo kwenye zoezi bila kukosea, na ukimwuliza mtoto "Kak dilá?", yaani habari yako, anaangalia viatu vyake.

(Maneno ya Kirusi nitayaandika kwa herufi zetu, jinsi sikio linavyoyapokea, na kuweka alama ya shadda pale inapohusika.)

Mimi Kirusi nilikipata ukubwani, katika mji wa Voronezh huko Urusi, katika ule mwaka wa matayarisho ambao wanafunzi wa kigeni wote huuita podfak. Nilifundishwa kwa majedwali, nikafaulu, na wiki ya kwanza nikashindwa kununua mkate. Kwa hiyo watoto wangu 14 waliponyamaza sikushangaa sana, ila niliumia, maana hawa si watoto wasiojua lugha. Mtoto wa Nyalenda wa miaka tisa anaongea Kijaluo nyumbani, Kiswahili dukani, Kiingereza darasani na Sheng uwanjani, tena anavuka kutoka moja hadi nyingine katikati ya sentensi bila kujikwaa. Mtu wa namna hiyo akinyamaza mbele ya lugha ya tano, tatizo haliwezi kuwa kichwa chake.

Nianze na diski. Wengi tuliosoma shule za msingi huku magharibi tunaifahamu. Ya shuleni kwetu ilikuwa kipande cha mbao kilichotobolewa juu, kikapitishwa kamba ya katani, nayo kamba ilikuwa nyeusi kwa jasho la shingo za watu. Ukikamatwa ukisema lugha ya mama, unavishwa. Ili uivue, lazima umnase mwingine akiteleza, kwa hiyo aliyeivaa alikuwa anazunguka mapumziko yote akitega masikio kwenye vikundi vya marafiki zake. Jioni majina yote yanasomwa na kila aliyepitiwa na mbao anachapwa. Mimi nilivishwa kwa kumwambia mwenzangu asogee kwenye benchi. Neno moja tu. Tulichojifunza si Kiingereza. Tulijifunza kwamba mtoto aliye salama ni yule aliyefunga mdomo.

Watoto wangu hawakuvaa mbao ile. Lakini kicheko kinafanya kazi yake vizuri tu. Kila pembe ya eneo hili ina lafudhi yake ya kuchekwa: Mjaluo kwa kusema "samba" akimaanisha shamba, Mbukusu na Mkalenjin kwa kuitamka b kama p, Mkikuyu kule Nakuru kwa r na l zake. Mtoto akishachekwa mara mbili tatu kwa lugha anazozijua, usimtarajie ajitose kwenye lugha asiyoijua mbele ya hao hao waliomcheka.

Hapa Kirusi kina zawadi ndogo, nami huitoa mapema. Konsonanti nzito ikifika mwisho wa neno la Kirusi, huwa nyepesi. Mkate huandikwa kwa b mwishoni lakini husemwa "khlep". Rafiki huandikwa kwa g lakini ni "druk". Mji huandikwa kwa d lakini ni "górat". Kile kinachochekwa Bungoma na Kericho, Moscow ni sheria, na anayetamka b kamili mwishoni ndiye anayejulikana mara moja kuwa mgeni. Nilipolieleza hili ubaoni, msichana mmoja ambaye mama yake ni Mkalenjin aliinua kichwa. Hakusema kitu siku ile. Aliinua kichwa tu, nami nikalihesabu.

Uzi wa pili ni sauti zenyewe. Kiswahili kinapenda silabi wazi: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Kirusi kinakupa salamu ya "zdrástvuyte" asubuhi na mapema kabla hujanywa chai. Mtoto akiachwa peke yake ataigawa kuwa "zidarasitivuyite", na wakati anafika mwisho aliyesalimiwa ameshaondoka. Dawa ninayoitumia ni kuanza mkiani: "te", kisha "vuyte", kisha "stvuyte", kisha "drastvuyte", na ile z inakuja mwisho kama nyuki anayepita. Tunaifanya kwa mnong'ono, halafu kwa sauti ya babu, halafu kwa sauti ya makanga. Sauti ya makanga ndiyo hupendwa kuliko zote.

Lakini watu husahau kwamba Kiswahili kinamkopesha mtoto vitu ambavyo Mzungu wa Uingereza huhangaika navyo. Kirusi kina konsonanti laini, zile ambazo ulimi hupanda kuelekea kaakaa. "Nyet" ni sauti ya nyama na nyumba; hakuna mtoto wa Kisumu anayehitaji kufundishwa hiyo. Tano ni "pyat", na pya tunayo katika mpya. Wanaosema vyombo na fyeka wamekwisha kufika karibu kabisa na "vyo" na "fye" za Kirusi. Hata kh, wale wenye Alkhamisi na kheri vinywani wanayo. Inabaki ile irabu ya kwenye "ryba", samaki, ambayo si i wala si u. Huwaambia waseme u huku wakitabasamu, na darasa zima linageuka kama mashindano ya nyuso mbaya. Kwa s na sh tuna kitanzandimi cha Kirusi cha zamani, "Shla Sasha pa shasé i sasala sushku", yaani Sasha alipita barabara kuu akimumunya kimkate kikavu cha duara. Warusi wenyewe hukwama humo. Mimi hukwama kila mara, tena hadharani, na sijifichi. Mwalimu akijikwaa kwanza, hakuna tena anayeogopa.

Kuna mtego mmoja ambao ulinichukua muda kuuona. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, kwa hiyo mtoto wetu anaziamini herufi. Kirusi hakistahili imani hiyo. O isiyo na shadda husomwa kama a: maziwa yameandikwa kwa o tatu, lakini mdomoni ni "malakó". Tena Kiswahili huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, ilhali shadda ya Kirusi huhamahama kama mfugaji. Mtoto aliyekutana na neno kwa jicho kabla ya sikio atalisoma "molóko" kwa ujasiri, kisha atasahihishwa, kisha atanyamaza. Kosa lilikuwa langu. Niliwapa herufi wiki ya kwanza kwa sababu ndivyo nilivyopewa mimi. Siku hizi wiki sita za mwanzo hakuna daftari. Neno huingia kwa sikio, linatoka kwa mdomo, na likishazoea nyumba ndipo linaandikwa.

Katika wiki hizo za mwanzo mwili hutangulia. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alichapisha mwaka 1965 utafiti juu ya kujifunza lugha kwa kutii amri kwa vitendo, na lugha aliyoitumia ilikuwa Kirusi. Mwalimu anasema simama, nenda, ruka. Mwanafunzi anatenda na hadaiwi kusema lolote. Mtoto hujifunza lugha yake ya kwanza hivyohivyo: husikia "lete" na "wacha" mamia ya mara kabla hajazisema. Wapo watoto ambao hubaki katika kimya hicho kwa wiki nyingi, na ni kimya chenye kazi ndani yake. Unamjua anayefanya kazi kwa macho: ukisema "stoi!" anaganda kabla ya wenzake. Huyo mwache. Siku moja atataka kutoa amri yeye, na kutoa amri ni tamu, hasa akimwambia mwalimu aruke.

Brikicho pia ni yetu sote. Mtafutaji wa Kirusi huhesabu "ras, dva, tri, chityre, pyat, ya idu iskat", moja hadi tano, ninakwenda kutafuta, nao waliojificha bado wanapiga kelele za "bado!" kwa Kiswahili. Sijawazuia. Ninaona waalimu wengi wa lugha za kigeni wakilinda mlango Kiswahili kisiingie, nami sioni tofauti kubwa na diski. Mtoto akisema "Ya khachú omena" amesema nataka omena, na amesema vizuri. Omena haina haja ya kuvishwa koti la Kirusi. Ninachowapa mapema ni vifungu vitatu vya kujiokoa: "Kak pa-rúski...?", yaani kwa Kirusi inaitwaje, "Ya ni panimáyu", sielewi, na "Yishchó ras", rudia tena. Mwenye hivyo vitatu hana sababu ya kuganda. Anaweza kumsimamisha mwalimu njiani, na kwa mtoto aliyezoea kusimamishwa yeye, hilo ni jambo kubwa.

Sasa nifike kwenye fundo lenyewe, maana naona hapa ndipo wengi wetu hutoboa mtumbwi.

Chukua somo la kawaida. Mwalimu anainua kitabu. "Eta shto?" Hiki ni nini? Darasa: "Eta kniga." Hiki ni kitabu. Vema sana. Lakini hebu fikiria mtu mzima anakuinulia kitabu mbele ya macho yako, katika mwanga wa saa nne asubuhi, anakuuliza hiki ni nini. Ungemwona hana akili, au anakutega. Mtoto naye anafikiri hivyohivyo. Anajua kwamba unajua. Swali halitafuti kitabu, linatafuta kosa lake. Na maswali mengi ya darasani ni ya namna hiyo: aulizaye ana jibu mfukoni.

Tazama tofauti. Saa sita tunapofunga, ninasimama mlangoni na kumwuliza kila anayetoka: "Ty idyósh íli yédish?" Kirusi kina kitenzi kimoja cha kwenda kwa miguu na kingine cha kwenda kwa chombo, na Warusi hawavichanganyi. Mimi kwa kweli sijui nani anatembea na nani amefuatwa na boda. Wananijibu neno moja: "Idú." "Yédu." Hakuna aliyewahi kunyamaza mlangoni, kwa sababu swali ni la kweli na jibu analo yeye. Neno moja halitoshi, lakini neno moja la kweli ni mbegu nzuri kuliko sentensi kumi za kitabu kilichoinuliwa.

Jambo jingine ni kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa ya sayansi, aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja, kisha hulirudia, humrukia mwingine au hulijibu mwenyewe. Alipowafundisha kusubiri sekunde tatu na zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na wale waliohesabiwa wazito wakaanza kujitokeza. Hiyo ni kwa lugha wanayoijua. Anayejibu kwa Kirusi anatafuta neno, anatafuta jinsia yake, anatafuta kiishilio, kisha anautayarisha ulimi. Mimi huhesabu kimoyomoyo samaki mmoja, samaki wawili, hadi samaki watano, na macho yangu nayatoa usoni pake nikayapeleka dirishani. Ni sekunde ngumu. Mvua ikiwa inapiga mabati ni rahisi kidogo, kwa sababu hakuna anayesikia kimya.

Kutokana na hayo ndipo soko likazaliwa. Ninagawa darasa, nusu wachuuzi, nusu wanunuzi. Kila mchuuzi ana kadi ya siri yenye bei ya chini kabisa anayoweza kukubali. Kila mnunuzi ana kadi ya siri yenye pesa alizonazo. Hakuna anayeijua ya mwenzake, na hakuna njia ya kuijua isipokuwa kuuliza. Bidhaa ni za kwetu: tilapia wa karatasi, nyanya, sukuma, mkebe wa omena. Maneno ni machache: "Skólka stóit?", bei gani, "dóraga", ghali, "dyóshiva", rahisi, tarakimu, na "svézhaya", fresh kabisa, kwa ajili ya samaki. Kabla ya soko kufunguliwa kila mtu anapewa jina. Warusi humwita mtu kwa jina lake na la baba yake, na hilo huku halihitaji maelezo marefu: Wakalenjin wana arap, Wajaluo wana wuod na nyar. Baba akiwa Otieno, mvulana anakuwa Otienovich na dada yake Otienovna. Mtoto mmoja anayelelewa na nyanya yake aliomba kutumia jina la nyanya. Kanuni ya Kirusi haitaki, lakini kanuni ya Kirusi haikulala nyumbani kwao. Jina jipya ni kama kofia: anayekosea ni Otienovna, mwenye mwili wake yumo ndani salama.

Yule msichana aliyeinua kichwa alikuwa mnunuzi siku hiyo. Wiki kumi na moja sikuwa nimesikia sauti yake kwa Kirusi isipokuwa ndani ya kwaya na lile neno moja la mlangoni. Kadi yake ilisema 150. Mchuuzi, mvulana wa Kondele yuleyule, alimwonyesha tilapia wa karatasi asiyezidi kiganja akasema, "Trista!" Mia tatu. Mama yake msichana huuza samaki. Nikaona uso unabadilika. Si haya tena, ni hasira ya mtu anayejua bei ya samaki. Akapiga meza kwa kiganja: "Dorógo!"

Alichokosea ni shadda. Ghali ni "dóraga", shadda mwanzo. Yeye aliiweka silabi ya pili kutoka mwisho, kama Mswahili yeyote, na neno lenye shadda hapo, "daróga", ni jingine kabisa. Ni barabara. Alikuwa amempigia mchuuzi kelele: "Barabara!"

Nilikuwa na uamuzi wa sekunde moja. Ningemsimamisha, angekaa chini wiki nyingine kumi na moja. Nikanyamaza. Mchuuzi alielewa vizuri kabisa. Akashuka hadi 250, akapigiwa "dorógo" nyingine, akashuka tena, na walikubaliana kwa 150 huku wote wawili wakitokwa jasho. Baada ya soko kufungwa ndipo nikaandika ubaoni neno la Kiswahili: barabara. Nikawauliza linasomwaje. Wengine wakasema barabára, ile ya magari. Mmoja akasema barábara, kama kazi iliyofanyika sawasawa. Basi, nikawaambia, Kirusi nacho kina barabara yake, na nikawapa "dóraga" na "daróga" bila kusema nani alisema nini. Msichana alitabasamu ubaoni. Kwa hesabu yangu hajalikosea neno hilo tena, nami sidhani kama ningelifundisha vizuri hivyo kwa jedwali.

Suala la kusahihisha lina utata wake, na sitaki nionekane ninasema makosa yaachwe yote. Njia ya kiungwana inayopendwa ni kulirudia neno la mtoto kwa usahihi bila kumwambia amekosea. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, na matokeo waliyochapisha mwaka 1997 yalionyesha kwamba njia hiyo ndiyo iliyotumiwa na waalimu kuliko zote, lakini ndiyo iliyowafanya watoto wajirekebishe kwa uchache. Mtoto husikia "ndiyo" tu, basi. Nimeyaona hayo kwangu. Kwa hiyo ninachagua. Kosa linalogeuza maana, kama la barabara, nalishika, ila baada ya mchezo. Kosa lisilozuia kitu nalipisha. Katikati ya hayo, ninajifanya sijaelewa: "Shto? Yishchó ras." Mtoto akilazimika kujieleza upya, mara nyingi hujirekebisha mwenyewe.

Mwenzangu mmoja anayefundisha Kiingereza aliniuliza, na sarufi je? Kirusi kina hali sita za nomino, utazifundisha sokoni? Jibu langu ni kwamba sehemu yake kubwa tayari imo sokoni. Shilingi moja ni "adín shílling", mbili hadi nne ni "shíllinga", tano hadi ishirini, na mamia kamili, ni "shíllingaf". Hiyo ni sarufi inayowatoa watu wazima machozi kwenye jedwali. Watoto waliichukua wakibishana juu ya nyanya, kwa sababu mchuuzi aliyekosea kiishilio alicheleweshwa na mnunuzi aliyeuliza tena. Na pale inapohitajika kuelezwa, ngeli zimeshalima shamba. Tunasema nyumba mpya, kitabu kipya, dirisha jipya. Warusi husema "nóvy dom", "nóvaya kniga", "nóvaye aknó". Mtoto anayepatanisha kivumishi na nomino tangu akiwa na miaka mitatu haoni ajabu hapo. Shule na shuleni? "Shkóla" na "f shkóle". Kisumu haichukui -ni kwetu, na kwa Kirusi pia haibadiliki: "Ya zhivú f Kisumu." Nakuru vilevile, Kericho vilevile. Maskini mtoto wa Kakamega, yeye ndiye mwenye kazi, kwa sababu jina lake huishia kwa a na Kirusi hulishika: "f Kakamegye". Nina mmoja, na anajivunia kwamba mji wake ndio pekee wenye sarufi.

Mzazi hutaka daftari. Hilo ndilo gumu lililobaki, na sijalipatia dawa kamili. Mama mmoja alikuja mwezi wa pili, akafungua begi la mwanawe, akakuta karatasi zenye picha za samaki.

"Mwalimu, huyu mtoto anasoma ama anacheza?"

"Anasoma, mama. Mwambie akuuzie kitu."

"Nimelipa ndio aniuzie mimi?"

Ana haki ya kuuliza. Wengi wanawaza masomo ya Urusi siku za usoni, na wanajua karatasi ndizo hufungua milango. Nilimweleza kwamba mtihani wa kimataifa wa Kirusi, unaoitwa TRKI, una sehemu tano, na moja ni kuzungumza; humo mtahiniwa hapewi alama kwa kujibu tu, hutakiwa pia aanzishe mazungumzo mwenyewe. Mtoto ambaye miaka yote amekuwa akijibu hajui kuanza. Nilimweleza vizuri, nadhani, lakini kilichomtuliza ni mwanawe kusimama na kumuuzia begi lake mwenyewe kwa "dvésti shíllingaf". Siku hizi nawapa pia daftari kuanzia wiki ya saba. Nusu kwa ajili ya watoto, nusu kwa ajili ya mama.

Jumapili iliyopita nilikuwa Kibuye, sokoni penyewe, nikizunguka kwenye meza za samaki. Nikamwona Otienovna wangu amekaa juu ya kreti nyuma ya mama yake, akipepea nzi kwa gazeti. Nikamsalimu kwa Kirusi, akaangalia viatu. Sikumsumbua, huko kulikuwa nyumbani kwake, na Kirusi hakikuwa na kazi. Nikamgeukia mama yake, nikachagua tilapia wa wastani, nikauliza bei.

"Mia tatu, mwalimu."

"Mama, nipunguzie kidogo. Mia mbili hamsini."

Mama alikuwa tayari anafungua mdomo, naona alikuwa anakubali. Nami, kwa mazoea tu, nikamtupia mtoto jicho nikasema, "Dóraga."

Gazeti likasimama. "Nyet," alisema. "Dyóshiva. Svézhaya ryba." Kisha akamshika mama yake mkono, akasema kwa Kiswahili: "Mama, usimpunguzie. Ako nazo."

Nililipa mia tatu.